Profesa Abdulrahman Babu: Maisha yake, fikra zake za uchumi, na ushahidi wa Ufipa

Marehemu Profesa Abdulrahman Mohamed Babu (1924–1996) ni katika watoto wa Unguja waliojulikana sana duniani kwa maandishi ya uchumi na siasa. Jina lake likitajwa visiwani, watu hukumbuka mara moja chama cha Umma, Mapinduzi ya 1964 na kesi ya uhaini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa na hoja nzito kuhusu chakula, nguo na jembe. Makala hii inaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha inaipima hoja hiyo mahali ambapo wengi wetu hatujafika: uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, ambako mji mkuu ni Sumbawanga.

Tumeichagua Ufipa kwa sababu moja. Hoja ya Babu ilikuwa kwamba watu hawawi huru mpaka waweze kujilisha, kujivisha na kujitengenezea zana zao. Wafipa waliwahi kuyafanya yote matatu, kisha wakayapoteza mawili. Kwa hiyo Ufipa ni ushahidi mzuri wa kuipima hoja yake, kwa kuiunga mkono na kwa kuionyesha upungufu wake.

Kuzaliwa na ujana wake

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Katika ujana wake aliajiriwa karani katika Chama cha Wakulima wa Karafuu, taasisi iliyoanzishwa wakati wa ukoloni kusimamia ununuzi na uuzaji wa zao hilo. Hapo ndipo mtu alipoweza kuona uchumi wa visiwa ulivyokwenda. Mkulima wa Pemba alichuma, akaanika, akapeleka gunia. Bei iliamuliwa na soko la mbali asilolijua. Kwa fedha aliyopata alinunua mchele uliolimwa kwengine na nguo iliyofumwa kwengine.

Mwaka 1951 alikwenda Uingereza kusoma. Alianza na uhasibu, lakini akavutwa zaidi na falsafa, fasihi na siasa za kupinga ukoloni. London ya wakati huo ilikuwa na vijana wengi kutoka Afrika, Asia na visiwa vya Karibi, na Babu alichanganyika nao. Inafaa msomaji ajue kwamba Babu hakuwa mwanauchumi wa shahada za takwimu. Alikuwa mtu wa uchumi wa siasa: aliuliza nani anazalisha, nani anaamua, na faida inakwenda wapi.

Siasa, Mapinduzi na uwaziri

Alirudi Unguja mwaka 1957 na kuwa Katibu Mkuu wa chama cha ZNP, yaani Hizbu. Mwaka 1959 alizuru China, miongoni mwa wanasiasa wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na safari ile iliacha alama katika fikra zake. Mwaka 1962 alifungwa na Waingereza. Mwaka 1963 aliachana na Hizbu na kuunda chama cha Umma, kilichovutia zaidi vijana na wafanyakazi.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipotokea, yeye alikuwa Dar es Salaam. Alirudi Unguja na kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali mpya. Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964 alihamia katika serikali ya Jamhuri ya Muungano. Huko aliongoza wizara kadhaa, ikiwemo ya biashara, na mwishowe ya uchumi na mipango ya maendeleo, mpaka Rais Nyerere alipomuondoa Februari 1972.

Hatuwezi kupita hapa bila kusema jambo. Kwa familia nyingi za visiwani mwaka 1964 si ukurasa wa kitabu tu. Ni baba au mjomba aliyetoka asirudi, ni nyumba na shamba vilivyochukuliwa. Wapo wanaomlaumu Babu kwa kushirikiana na waliofanya hayo. Wapo pia wanaomuona kuwa na yeye alimezwa na kile alichokiunga mkono. Lengo la makala hii si kuihukumu nafsi yake. Yeye alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu na fikra zake za siasa zilikuwa za Kimarx, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi tunaipima hoja aliyoiacha, kwa kuwa elimu yenye manufaa huchukuliwa hata kwa mtu unayehitilafiana naye.

Kifungo na kitabu

Aprili 7, 1972 Rais Karume aliuawa Unguja. Babu, ambaye alikuwa Bara, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Katika kesi iliyoendeshwa Zanzibar alihukumiwa kifo mwaka 1974 bila ya yeye kuwepo mahakamani, kwani Nyerere hakukubali kumpeleka Unguja. Yeye alikana kuhusika. Alikaa kizuizini Bara mpaka 1978, miaka sita bila ya kesi upande wa Bara.

Katika miaka ile aliandika. Matunda yake yalitoka mwaka 1981 katika kitabu African Socialism or Socialist Africa?, kilichochapwa London na Dar es Salaam. Kabla ya hapo alikuwa ameshajulikana kwa wasomi, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika neno la mwisho katika kitabu mashuhuri cha Walter Rodney cha mwaka 1972 juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Baada ya kuachiwa alifundisha vyuo vikuu vya Marekani, kisha akahamia London, ambako alisomesha na kuandika katika magazeti ya habari za Afrika. Alifariki London Agosti 1996.

Hoja yake kwa ufupi

Hoja ya Babu inaweza kufahamika na mtu yeyote anayetia mboga jikoni. Aliona kwamba nchi zetu zilipata bendera, lakini uchumi ulibaki umetazama nje. Tunalima tusichokula: karafuu, katani, kahawa, pamba. Tunakula na kuvaa tusichokizalisha. Bei ya tunachouza haitoki kwetu, na bei ya tunachonunua haitoki kwetu. Kubadilisha mwenye shamba kutoka mzungu kwenda shirika la umma hakubadilishi chochote ikiwa zao ni lile lile na soko ni lile lile.

Dawa aliyoipendekeza ilianza na mahitaji matatu ya kila mja: chakula, nguo na makazi. Zalisha hayo kwanza kwa ajili ya watu wako. Ukitaka chakula zaidi utahitaji jembe bora na mbolea, kwa hiyo utahitaji chuma na viwanda vyake. Ukitaka nguo, pamba ifumwe hapa hapa. Ukitaka nyumba, utahitaji saruji, misumari na mbao. Kila hitaji huvuta kiwanda, na kila kiwanda huvuta chengine. Mauzo ya nje yawe ziada baada ya hapo. Kwa sababu hiyo aliikosoa vikali siasa ya Ujamaa. Aliona inagawa umasikini badala ya kuongeza uzalishaji, na kwamba imewapa makarani wa mashirika nguvu juu ya wakulima.

Ufipa: chuma, nguo na chakula

Babu hakuandika kitabu juu ya Ufipa. Kuiweka hoja yake mbele ya Ufipa ni kazi yetu sisi.

Uwanda wa Ufipa uko baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga iko juu sana kuliko mji wowote wa visiwani, na safu ya Mbizi iliyo karibu yake inapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya mwezi wa Juni na Julai huko si ya mtu wa pwani. Wenyeji ni Wafipa, na wengi wao ni Wakatoliki, kwani wamisionari wa White Fathers walifika Karema mwaka 1885. Waislamu ni wachache, wengi wao wakiwa mjini na katika vituo vya biashara.

Tuanze na chuma. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri wa Afrika ya kati. Walijenga tanuri refu la udongo, waliloliita ilungu, lenye urefu wa karibu mita tatu. Lilijazwa makaa na mawe yenye chuma, likawashwa, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini bila ya mivukuto. Moto uliachwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, hili likivuviwa kwa mivukuto. Baada ya hapo mhunzi alifua jembe, shoka na mkuki. Majembe yalitumika shambani, yaliuzwa kwa majirani, na yalitolewa mahari. Kazi hiyo ilifungamana na dawa na mila za jadi ambazo sisi hatuzifuati, lakini ufundi wenyewe ulikuwa elimu halisi: kujua udongo, mawe, makaa na joto. Magofu ya matanuri hayo bado yanaonekana katika uwanda.

Kisha nguo. Pamba ilipandwa katika bonde la Rukwa lenye joto, na nguo nzito ilifumwa kwa mkono. Wasafiri wa Ulaya waliopita huko katika karne ya 19 walikuta vitanda vya mfumi vikifanya kazi.

Na chakula. Uwanda wa Ufipa una majani mengi na miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata na kuchoma msitu hakikuwezekana. Wafipa walivumbua njia nyengine. Walipindua majani na udongo na kuyafanya matuta ya mviringo, yanayoitwa intumba. Majani yaliyofukiwa yalioza na kuwa mbolea, na msimu uliofuata tuta lilitawanywa na kupandwa ulezi, maharage na baadaye mahindi. Ardhi ile ile ililimwa tena na tena bila ya kuhamahama.

Basi hapo kulikuwa na chakula, nguo na chuma kwa pamoja, mambo ambayo Babu aliyaita msingi. Haikuwa pepo. Kulikuwa na watawala, vita na biashara ya watumwa iliyopita karibu. Lakini uwezo ulikuwepo.

Uwezo huo ulikwenda wapi?

Hakuna jeshi lililovunja kila tanuri. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa bei ndogo, na nguo za kiwandani zikaifuata njia hiyo hiyo. Kodi ya kikoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikupatikana kwa kufua jembe la jirani. Vijana walikwenda kutafuta ajira katika mashamba ya katani na migodi. Ufundi hurithiwa kwa kutazama. Kijana akiondoka miaka mitano, na mzee akafa, elimu imekwisha. Kufikia katikati ya karne ya 20 matanuri ya Ufipa yalikuwa yamezimika.

Hapa hoja ya Babu inasimama vizuri. Umasikini wa Ufipa haukutokana na watu kutojua. Ulitengenezwa na namna uchumi ulivyogeuzwa utazame nje: eneo lililokuwa likitoa majembe likawa linatoa vibarua. Na mpaka leo nchi inayo madini mengi ya chuma Liganga, wilayani Ludewa, yanayozungumzwa miaka nenda miaka rudi, ilhali majembe mengi madukani yanatoka nje.

Mahindi ya Sumbawanga na bei moja

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, Babu akiwa kizuizini. Wakati huo huo serikali ilifanya mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuwahamisha watu kwa nguvu kwenda vijiji vya Ujamaa. La pili ni kuweka bei moja ya mahindi nchi nzima, Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likiwa ndiye mnunuzi.

Tueleze namna bei hiyo ilivyofanya kazi. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Tuseme, kwa mfano tu, gunia lina thamani ya shilingi 100 Dar es Salaam, na nauli kutoka Sumbawanga ni shilingi 40. Katika soko huria mkulima wa Sumbawanga angepata 60. Chini ya bei moja alilipwa sawa na mwenziwe wa Morogoro, na nauli ikabebwa na shirika. Matokeo yake, mikoa ya pembezoni ilivutika kulima. Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya ikawa mikoa minne mikuu ya mahindi Tanzania. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na China na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita Tunduma, ikaikaribisha Ufipa kidogo na bandari. Urafiki na China uliozaa reli hiyo ni jambo ambalo Babu mwenyewe alilisukuma akiwa waziri.

Lakini mzigo uliobebwa na shirika ulikuwa lazima ulipwe na mtu. NMC ililimbikiza madeni makubwa, ikachelewa kuwalipa wakulima, na mahindi mengine yalikaa yakisubiri gari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 bei moja iliachwa hatua kwa hatua, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi walikuwa huru kununua. Ruzuku ya mbolea nayo ikaondoka. Mkulima wa Ufipa akajikuta analipia yeye umbali wote, wa mbolea kuja na wa mahindi kwenda.

Msomaji wa ukurasa huu atauliza sheria yetu inasemaje kuhusu bei. Imepokewa na Anas (Allah amridhie) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (Rehma na amani zimfikie) awapangie, naye akakataa, akichelea kukutana na Allah akiwa na dhulma ya mtu. Asili yake basi ni kuwaacha watu wauziane kwa kuridhiana. Baadhi ya wanavyuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, wamesema mtawala anaweza kuingilia pale penye uhodhi au watu wachache walioliteka soko. Mizani hiyo inafaa sana hapa. Shirika moja linapokuwa mnunuzi pekee, mkulima hana pa kukimbilia. Na wachuuzi watatu wanapofika kijijini wameshakubaliana bei, mkulima huyo huyo hana pa kukimbilia vile vile.

Anapopatia na anapokosea

Ufipa inampa Babu haki katika jambo moja kubwa: uwezo wa watu kujitegemea si ndoto iliyoagizwa kutoka China. Ulikuwepo hapa hapa, na ulipotezwa na uchumi uliotazama nje. Inampa haki pia katika lawama yake juu ya makarani, kwani mkulima wa Sumbawanga alilima kweli, na kilichoshindwa ni shirika lililokuwa juu yake.

Lakini Ufipa inaonyesha upungufu wake pia. Babu aliamini kwamba dola yenye siasa sahihi ingeweza kupanga uchumi wote kutoka juu. Tuta la intumba halikupangwa na wizara yoyote. Lilitokana na mkulima aliyeijua ardhi yake, na mpango uliomhamisha kwa nguvu kutoka ardhi hiyo ulimkata na elimu yake. Babu alitaja kwa sifa nchi ambazo watu wake walilipa gharama kubwa sana kwa mipango ya namna hiyo. Na yeye mwenyewe, aliyeshiriki katika serikali isiyohojiwa, alikaa miaka sita kizuizini kwa amri isiyohojiwa.

Kilichobadilika Ufipa katika miaka ya karibuni ni cha kawaida kabisa: barabara. Barabara ya lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za mfuko wa Marekani wa MCC. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga, na unanunua nafaka huko. Umbali umepungua, lakini mkulima wengi wa msimu bado anauza mara tu anapovuna, bei ikiwa chini, kwa sababu ana ada ya skuli ya kulipa na hana ghala la kuaminika.

Urathi wake kwa watu wa visiwani

Unguja na Pemba bado zinakula mchele ambao sehemu kubwa yake inatoka nje ya visiwa. Karafuu bado inauzwa ng'ambo kwa bei isiyoamuliwa hapa. Sasa utalii umeongezeka juu yake, nao pia umetazama nje. Meli ikichelewa au mavuno yakiharibika Bara, bei ya unga na mchele darajani hupanda ndani ya siku chache, na anayeumia kwanza ni mama mwenye watoto wengi na kipato kidogo. Swali la Babu, kwamba tunakula nini na nani amekizalisha, halijapata jawabu.

Tunaloliona sisi ni kwamba urathi wa Babu haupo katika chama wala katika nchi alizozisifu. Upo katika kuipa heshima kazi ya chakula. Mzazi mwenye eka mbili Donge, Makunduchi au Micheweni asimfundishe mwanawe kwamba kilimo ni adhabu ya aliyefeli mtihani. Wanaonunua nafaka Bara wajue mkulima wa Ufipa ana haki ya kujua bei ya mjini kabla ya kuuza, kwani kumficha bei mtu asiyejua soko ni katika udanganyifu uliokatazwa. Na vijana wetu wanaosoma uchumi wawasome wote wawili: Babu kwa vitabu vyake, na Mfipa kwa tuta lake.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotangulia, wenye kudhulumiwa awalipe haki zao, na atujaalie riziki ya halali itokanayo na mikono yetu.